Aliyemshinda Winga wa Sydney Alikuwa Mtoto wa Mombasa

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Methali hii sisi watu wa Pwani tunaipenda sana, na katika ngoma za arusi hatuchoki kuirudia. Lakini leo, ndugu msomaji, nataka tuulizane bila ya kufichana: je, kweli aliyecheza kwao ametuzwa? Swali hili halikunijia nikiwa Mombasa. Lilinijia nikiwa Embu, mbali na bahari, ndani ya mkahawa mdogo wa chai, na walionitia swali hilo ni kijana wa skuli na mzee aliyekwisha kupita miaka themanini.

Nilikuwa nimetoka Meru. Mpwa wangu ameoa huko, na akidi ilifungwa siku ya Ijumaa baada ya sala. Siku ya pili yake tukatelemka kwenda Embu kuwaamkia jamaa za upande wa bibi arusi, wakaao mtaa wa Majengo. Njia hiyo yapita Nkubu, Chogoria na Chuka, ikavuka mto Thuchi, ikapanda tena mpaka Runyenjes, na kwa aliyezoea nchi tambarare kama yetu, zile kona hazisahauliki. Kushoto majani ya chai, kulia mibuni, na juu mlima umejifunika wingu kama bibi harusi aliyefunikwa shela.

Tusidanganyane. Sisi wa Pwani, habari za Meru na Embu tunazozijua ni habari za majani tu. Kutoka Meru hutujia miraa, kutoka Embu hutujia muguka. Mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, na Mahakama Kuu iliyoko Embu ikazisimamisha amri hizo. Tangu hapo, mtu wa Mombasa akitajiwa Embu hukumbuka muguka, na mtu wa Embu akitajiwa Mombasa hukumbuka marufuku. Sikuja leo kuamua kesi ile. Nasema tu kwamba ni jambo la kusikitisha watu wawili wa nchi moja kujuana kwa ugomvi wao peke yake, ilhali yako mengine ya kuzungumza.

Na hayo mengine yalianza na mchezo wa raga.

Kijana na simu yake

Mle mkahawani walikuwamo vijana watatu wa skuli, mmoja amevaa fulana ya michezo iliyojaa tope. Alikuwa akiwasomea wenziwe kutoka katika simu. Kumbe yeye huchezea raga skuli yake, upande wa winga, na amejitia katika kutafuta habari za mawinga wa zamani.

"Ustadhi," akaniambia, maana kofia yangu ilikuwa imekwisha kunitambulisha, "hebu sikia huyu. Mwaustralia. Amewakilisha nchi yake katika michezo mitatu!"

Nikamwambia asome, nami nasikiliza.

Jina la mtu huyo ni Michael Cleary, na wenyewe humwita Mike. Alizaliwa Sydney mwaka 1940. Mwaka 1961 aliichezea Australia raga ile ya watu kumi na watano. Mwaka 1962 alikimbia riadha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanywa Perth, akapata nishani ya shaba katika yadi 100. Kisha akawa nyota wa raga ile nyingine, ya watu kumi na watatu, akiichezea klabu ya South Sydney na timu ya taifa. Alikuwamo katika kikosi cha South Sydney kilichotwaa ubingwa mwaka 1967 na mwaka 1968. Alipomaliza michezo akaingia siasa, akachaguliwa mwaka 1974 katika bunge la jimbo la New South Wales, na baadaye akawa waziri wa michezo wa jimbo hilo.

Kwa yakini ni maisha yaliyotimia. Mtu amekimbia, amecheza, amepata ubingwa, amekuwa waziri. Wale vijana walikuwa wakitikisa vichwa kwa kustaajabu, nami sikuwalaumu.

"Sasa niambie, mwanangu," nikamwuliza yule mwenye simu. "Kule Perth ametoka wa tatu. Wa kwanza alikuwa nani?"

Akarudi katika simu, akatafuta, akakunja uso. "S. Antao," akasoma. "Mbele yake wameandika KEN." Akanitazama. "KEN si Kenya?"

"Ndiyo Kenya."

"Huyu alikuwa wa wapi? Eldoret?"

"Mombasa."

Mkahawa mzima ukacheka. Mwenye mkahawa mwenyewe aliweka birika chini. "Ustadhi, watu wa Mombasa nao hukimbia?" akauliza, na sauti yake haikuwa na ubaya, alikuwa akistaajabu kwa kweli. Sifa yetu ya kwenda polepole imefika mpaka mlimani.

Mtu aliyekuwa wa kwanza

Basi nikawasimulia, na wewe msomaji nakusimulia pia, kwani yumkini hata wewe hukupata kusimuliwa. Mimi mwenyewe sikumwona akikimbia. Nilizaliwa alipokuwa amekwisha kuacha mbio. Habari zake nilianza kuzipata kwa marehemu baba, aliyekuwa akilitaja jina lake kila kijana wa mtaani alipotumwa dukani akakawia.

Seraphino Antao alizaliwa Mombasa tarehe 30 Oktoba 1937. Asili ya wazee wake ni Goa, nchi iliyokuwa chini ya Wareno mpaka Desemba 1961, Wahindi walipoitwaa. Mombasa aliyozaliwa, kwa sheria, ilikuwa ndani ya ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Unguja, na bendera nyekundu ilikuwa ikipepea Ngomeni, ilhali mtawala wa kweli alikuwa Mwingereza. Na nchi aliyoikimbilia iliitwa Kenya. Ukitaka kumwuliza mtu kama huyo kwao ni wapi, utachoka wewe kabla yake. Yeye alikuwa akijibu kwa miguu.

Mwaka 1958 alikwenda katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Cardiff. Mwaka 1960 alikwenda katika Olimpiki ya Roma, akafika nusu fainali ya mita 100. Katika michezo hiyo hiyo Nyandika Maiyoro wa Kisii alitoka wa sita katika mita 5,000. Kwa hivyo Kenya ya wakati ule, kabla ya kuwa na bendera yake, ilikuwa na mtu wa mbio ndefu na mtu wa mbio fupi, mmoja wa milimani na mmoja wa baharini.

Kisha ukaja mwaka 1962. Kwanza Antao alishinda yadi 100 katika mashindano ya ubingwa ya Waingereza, huko huko kwao. Halafu mwezi wa Novemba akaenda Perth, upande wa magharibi wa Australia. Michezo ile inakumbukwa kwa joto lake, maana ziko siku joto lilipita nyuzi 100 za Fahrenheit, yaani karibu 38 kwa hesabu ya sasa. Wengine walilalamika. Mtoto wa Mombasa, nadhani, aliona kama yuko kwao mwezi wa Februari.

Yadi 100 ni kama mita 91. Antao alizikimbia kwa sekunde 9.5. Wa pili alikuwa Tom Robinson wa visiwa vya Bahama. Wa tatu, mbele ya watu wa nchi yake mwenyewe, ni yule Cleary. Baadaye Antao akashinda na yadi 220 pia. Nishani mbili za dhahabu, na kabla ya hizo Kenya ilikuwa haijapata dhahabu yoyote katika michezo ile. Mwenziwe Kimaru Songok akaongeza nishani ya fedha katika mbio za yadi 440 za kuruka viunzi.

Mwaka 1964, Kenya ilipokwenda Olimpiki ya Tokyo ikiwa nchi huru, aliyeitwa kubeba bendera ni Antao. Fikiri, ndugu msomaji: mara ya kwanza bendera yetu kuingia katika uwanja wa Olimpiki, iliingia mkononi mwa mtu wa Mombasa. Tokyo mbio zake hazikumwendea vizuri, na nishani ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya ililetwa na Wilson Kiprugut katika mita 800. Dhahabu za Olimpiki zikafuata Mexico mwaka 1968, za Naftali Temu, Kipchoge Keino na Amos Biwott. Toka hapo ulimwengu ukaamua kwamba Mkenya ni mtu wa mbio ndefu, na sisi wenyewe tukaamini.

Antao aliacha mbio, akahamia Uingereza, akafariki London tarehe 6 Septemba 2011.

Maneno ya mzee

Nilipomaliza, wale vijana walikuwa wamenyamaza. Aliyesema ni mzee mmoja aliyekuwa kwenye kona, fimbo katikati ya magoti, ambaye mpaka saa ile sikujua kama anatusikiliza.

"Kijana," akaniita, na miaka yangu hamsini na kitu ikashuka mara moja, "huyo wa Mombasa nilisikia habari yake. Nilikuwa na furaha. Lakini pia nilikuwa na uchungu."

Nikamwuliza uchungu wa nini.

Akasema kwamba skuli yake alikuwa wa kwanza katika yadi 440. Mwalimu wake alimwambia mwaka ufuatao atampeleka mashindano ya wilaya. Hiyo ni mwaka 1952. Mwezi wa Oktoba mwaka huo serikali ya Waingereza ikatangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Skuli yake ikafungwa. Baadaye watu wakatolewa majumbani mwao, wakarundikwa katika vijiji vyenye walinzi, na waliokuwa na nguvu wakatolewa kwenda kuchimba handaki kando ya msitu wa Mlima Kenya, ili wapiganaji wasipate chakula. Yeye alikuwa mmoja wa wachimbaji. Ndugu yake mkubwa alikamatwa, akapelekwa kisiwani Manda.

"Manda ya Lamu?" nikamwuliza.

"Hiyo hiyo. Aliporudi alikuwa akituambia habari za bahari. Mimi bahari sijaiona mpaka leo."

Kisha akasema neno ambalo nililiandika nilipofika kwa wenyeji wetu, nisije nikalisahau: "Mbio nilikimbia. Lakini hakuna mtu aliyenishikia saa."

Tuyaweke maneno haya mahali pake. Mwaka 1954 Kenya ilipeleka wakimbiaji Vancouver, nchi ya Kanada, na hapo ndipo majina kama Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony yalipoanza kusikika ulimwenguni. Mwaka huo huo, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kusafiri kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila ya ruhusa ya serikali, na alitakiwa awe na kitabu cha pasi. Mtu asiyeweza kuvuka mto Thuchi bila ya karatasi, atafikaje Nairobi kuchaguliwa? Wataalamu wa riadha wameandika mengi juu ya hewa ya milimani na maziwa ya ng'ombe, kwa nini watu wa upande huu wa nchi hushinda na wa upande ule hawashindi. Walakini ziko sababu zisizohusu hewa wala maziwa. Ipo sababu ya pasi.

Sisemi kwamba mzee yule angekuwa bingwa. Hakuna awezaye kusema hivyo, wala yeye mwenyewe hakusema. Na hasara yenyewe ndiyo hiyo, kwamba halitajulikana.

Barazani kwetu

Nakiri kwamba nilitoka Embu na kiburi kidogo. Nilijiona nimewapa watu wa bara elimu. Nikasema moyoni, hawa ndugu zetu hawajui historia, wanamjua winga wa Sydney na hawamjui mtu wa nchi yao.

Kiburi hicho kilidumu siku tatu. Nilipofika Mombasa, baada ya sala ya Isha, nikakaa barazani kwetu kama kawaida yangu, nikauliza lile lile swali: ni nani Mkenya wa kwanza kupata dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola? Tulikuwa watu saba. Wanne wakasema Keino. Wawili wakanyamaza. Wa saba, fundi wa saa wa zamani, akasema, "Si yule Mgoa?" Jina lilikuwa limemtoka. Na kijana mmoja aliyekuwa akipita, mtoto wa jirani, mwenye kupenda mpira na kuzijua klabu za Uingereza mpaka akiba zao, jina la Antao hakupata kulisikia hata mara moja.

Basi ule upumbavu niliowatupia watu wa Embu ukanirudia mlangoni kwangu. Wao walikuwa na udhuru. Sisi udhuru wetu ni upi?

Nikauliza hivyo pale pale, nikapewa nyudhuru tatu. Nazileta hapa moja moja, kwani najua baadhi ya wasomaji wangu wanazo hizo hizo.

Udhuru wa kwanza: "Yule si wetu, ni Mgoa, na dini yake mbali." Ndugu zangu, chuoni tulisomeshwa haki za jirani kabla hatujajua kugawanya hesabu, na sikumbuki mwalimu wangu kusema jirani ni mwenye dini yako peke yake. Mji huu haukujengwa na kabila moja. Mtu aliyezaliwa Mombasa, akajifunza kutembea Mombasa, akajifunza kukimbia Mombasa, akikataliwa na Mombasa aende wapi? Tunalalamika sana, na tuna haki ya kulalamika, kwamba sisi wa Pwani huulizwa kama kweli sisi ni Wakenya, na tukitaka kitambulisho hutakiwa cheti cha babu. Vipi basi tumwulize mwengine swali linalotuchoma sisi?

Udhuru wa pili: "Alihama." Ni kweli alihama. Lakini ni nyumba ngapi za Mji wa Kale zisizokuwa na mtoto Uingereza, Ghuba au Marekani? Mtoto huyo akifaulu hatusemi alihama, twasema huyu ni wetu. Akifariki, twakusanyika tukamsomea hitima. Kama umbali haumtoi mtoto wetu katika ukoo, haumtoi na yule.

Udhuru wa tatu alinipa mtu ninayemheshimu: "Nishani hailiwi. Hayo ni mambo ya mchezo." Huu ndio udhuru wenye uzito, na hapa nataka tusimame kidogo.

Mchezo na ujira

Iko tofauti moja kubwa baina ya Cleary na Antao, na yule kijana wa Embu hakuiona katika simu yake. Raga ya watu kumi na watatu ilizaliwa kwa sababu ya ujira. Mwaka 1895, kaskazini ya Uingereza, klabu za wachimba makaa na watu wa viwanda zilijitenga na wakubwa wa raga kwa sababu mchezaji aliyepoteza mshahara wa siku akicheza alikuwa hapewi fidia. Huko Sydney mambo yalikuwa hayo hayo, wakajitenga mwaka 1907, na msimu uliofuata South Sydney ikawa miongoni mwa klabu za kwanza za ligi yao, klabu ya mtaa wa watu wa kazi. Kwa hivyo mchezaji wa raga ile alikuwa na haki ya kulipwa.

Mkimbiaji wa zama za Antao hakuwa na haki hiyo. Kanuni za riadha zilikataza kabisa mtu kuchukua fedha kwa mbio zake. Akichukua, amefukuzwa. Alishinda Perth, akarudi na nishani mbili na jina, basi.

Sasa nawauliza nyinyi mliosoma fikihi zaidi yangu: mtu akikufanyia kazi usimlipe, je, kazi yake inakuwa haina thamani, au wewe unakuwa na deni? Sisi tumefunzwa kuharakisha ujira wa mfanyakazi. Antao hakupewa fedha, na sasa amekufa, hazimfai. Kilichobaki cha kumlipa ni kutajwa jina. Kuusahau ushindi wake ndiko kumdhulumu.

Wenziwetu wa Sydney wanaelewa. South Sydney hiyo hiyo, kabla ya Cleary, ilikuwa na mchezaji jina lake Clive Churchill, aliyecheza kutoka mwaka 1947 mpaka mwaka 1958. Husimuliwa kwamba mwaka 1955 alicheza mechi amevunjika mkono, na mwisho wa mechi akapiga mkwaju ulioshindisha timu yake. Alifariki mwaka 1985. Mwaka uliofuata wakaanzisha nishani kwa jina lake, hupewa kila mwaka mchezaji bora wa fainali. Mtoto aliyezaliwa Sydney juzi hakumwona Churchill, baba yake hakumwona, walakini kila mwaka lazima amsikie. Hawakumtegemea mzee mmoja barazani akumbuke. Wameifanya kumbukumbu kuwa kazi yenye siku yake katika kalenda.

Na sisi tutaniane kidogo: tunajua sana kukumbuka. Tunaisoma maulidi kila mwaka, tuna hauli za mashekhe wetu, tunajua nasaba mpaka babu wa saba. Umma unaojua kuhifadhi hivyo hauwezi kusema hauna njia ya kumhifadhi mkimbiaji mmoja.

Ninalolitaka

Mtu akilalamika gazetini bila ya kusema afanyiwe nini, huyo anapiga zumari tu. Mimi nataka mambo mawili, na yote mawili ni madogo.

La kwanza, nataka kila mwaka, mwezi wa Novemba, skuli za msingi za Mombasa zishindane mbio za mita 100, wavulana na wasichana, na mbio hizo ziitwe mbio za Antao. Hazitaki mamilioni. Zinataka kamba, filimbi, saa, na mwalimu asiyeona uzito kukaa juani. Kabla ya mbio, mtoto mmoja asimame asome habari za mtu huyo kwa dakika tatu. Na waalikwe watoto wa Meru na Embu, watelemke waione bahari na washindane na wetu. Wa kwao nao wana viwanja, Kinoru kule Meru na uwanja wa Moi hapo Embu, basi mwaka mwingine wa kwetu wapande. Huenda tukapata la kuzungumza zaidi ya muguka.

La pili, nataka wenye wazee wawaulize. Si kwetu tu, na Meru na Embu vile vile. Nani alikimbia, lini, wapi, nani alimzuia. Yaandikwe. Mzee yule wa Embu amekaa miaka zaidi ya sabini na habari yake, na mimi niliyeisikia ni mgeni aliyekuja kunywa chai.

Atakuwako atakayesema kwamba kukumbuka hakuleti bingwa. Huenda. Lakini tazama hesabu hii. Baada ya Antao, Kenya haikupata tena dhahabu ya mbio fupi kabisa katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mpaka Agosti 2022, Ferdinand Omanyala aliposhinda mita 100 huko Birmingham kwa sekunde 10.02. Ni miaka sitini. Na Omanyala mwenyewe, kabla ya kuwa mkimbiaji, alikuwa mchezaji wa raga. Sisemi miaka yote hiyo ilipotea kwa sababu ya kusahau peke yake. Viwanja vilikuwa haba, walimu wa mbio fupi haba, fedha zote na macho yote yalielekezwa kwa mbio ndefu. Lakini mtoto wa Mombasa mwenye mbio, ambaye hakupata kuambiwa kwamba mtu wa mtaa wake aliwahi kuushinda ulimwengu huo, atajuaje kwamba mbio zake si za kutumwa dukani tu?

Nilikuwa nimekwisha andika makala haya nilipopigiwa simu kutoka Embu. Alikuwa yule kijana mwenye fulana ya tope, nambari yangu amepewa na jamaa za mpwa wangu. Akaniambia amemwuliza mwalimu wake wa michezo habari za Antao, na mwalimu naye hakujua, akaenda akatafuta. Jumatano iliyopita, kabla ya mazoezi ya raga, mwalimu amewapanga mita 100 na kuwaambia kisa chote. Tangu siku hiyo, mwenye kutoka wa kwanza katika mbio hizo, wenziwe humwita Antao kwa juma zima.

"Na wewe umekuwa Antao?" nikamwuliza.

"Bado, ustadhi. Nimekuwa wa tatu."

"Basi wewe ni Cleary," nikamwambia, akacheka sana. Nikamwuliza yule mzee wa fimbo hajambo? Akasema hajambo, na kwamba Jumatano ile walimwomba aje uwanjani kwao. Alikuja. Wakampa saa aishike yeye.

Embu wamekwisha anza. Mombasa, alikozaliwa mwenyewe, tunangoja nini?